Viingilio vya maigizo Dodoma vinazidi kupaa: tupeane uzoefu

MKAZI WA IPAGALA
Mbukwenyi wote. Karibu na Nyerere Square pamebandikwa bango la igizo la jukwaani linalokuja mwezi ujao, na kiingilio chake ni shilingi 25,000 kwa viti vya kawaida na 60,000 kwa VIP, ilhali kundi hilohilo, katika ukumbi uleule, niliwahi kulitazama kwa 5,000 na nikabaki na hela ya soda. Ninaomba tusiingize mechi za uwanja wa Jamhuri wala bendi za baa, kwa kuwa huko kila mtu anajua anachokifuata. Ninataka kusikia kuhusu maigizo na vichekesho vya jukwaani: ulilipa kiasi gani, ulikaa wapi, na ulichokiona kililingana na fedha yako?

KIJANA WA NKUHUNGU
Naunga mkono hoja. Ukijumlisha na bodaboda ya kurudi usiku, mtu na mwenzake hawatoki nyumbani wakiwa na chini ya 60,000.

MAMA NEEMA
Mnasahau kalenda ya mji huu. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la bajeti likiwa limekaa, gesti zinapanda, kuku wa Chako ni Chako anapanda, na waandaaji wa maonyesho nao hawakubali kubaki nyuma. Igizo moja la mambo ya mirathi nililitazama mwezi Februari kwa 10,000. Liliporudi mwezi Mei, eti kwa maombi ya mashabiki, nikampeleka dada yangu aliyetoka Manyoni, na mlangoni tukatajiwa 30,000 kwa kila mmoja. Nilipouliza ni kitu gani kilichoongezeka, binti aliyekuwa akikata tiketi alinijibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Mama, wageni wapo mjini." Jukwaani hapakuwa pameongezwa hata kigoda. Dada yangu alilipa kwa sababu alikuwa amekwisha kuvaa, nami nikalipa kwa sababu yeye alikuwa amekwisha kulipa.

MRATIBU WA MAONYESHO
Ndugu zangu, ninaratibu maonyesho Dodoma na Singida, na ingawa neno "wezi" halijaandikwa hapa, linanukia. Kabla mwigizaji hajatamka neno la kwanza, mimi nimekwisha kulipa ukumbi, na wenye ukumbi wanataka fedha yote mkononi pamoja na amana ya uharibifu. Nimelipa kibali, walinzi, vipaza sauti, na jenereta ya akiba pamoja na dizeli yake, kwa sababu umeme ukikatika ni mimi nitakayezomewa, si mwenye umeme. Wengine husema treni ya SGR imerahisisha kila kitu tangu ilipofika Dodoma mwaka 2024. Ni kweli kwamba mwigizaji anatoka Dar es Salaam kwa nauli ya 31,000 ya daraja la kawaida na anafika akiwa mzima, lakini mataa, mapazia na spika haviketi kwenye kiti cha abiria. Vinakuja kwa Fuso, na Fuso lina dereva, utingo na mizani njia nzima. Waigizaji kumi na wawili wanalala, wanakula na wanalipwa. Halafu ukumbi wa viti 400 hauuzi viti 400, kwa kuwa wadhamini wana viti vyao, ofisi mbalimbali zina kadi zao za mwaliko, na mgeni rasmi anakuja na msafara, hivi kwamba mara nyingine ninabaki na viti 250 vya kuuza. Gharama zote hizo zinawaangukia hao 250. Pigeni hesabu wenyewe.

DADA WA SABASABA
Hesabu tumepiga, kaka Mratibu, na jibu lake ni kwamba mwalimu wa shule ya msingi anamlipia mkurugenzi kiti cha sofa. Katika onyesho la mwisho nililohudhuria, safu tatu za mbele zilikuwa sofa zilizovishwa vitambaa vyeupe, na kwenye kila mkono wa sofa paliwekwa chupa ya maji, huku sisi tuliolipa tukianzia nyuma ya nguzo. Hadi wakati wa mapumziko nusu ya sofa zile hazikuwa zimekaliwa na mtu, na mlinzi alimfukuza mtoto mdogo aliyekwenda kuketi pale ili aone vizuri. Maji yale yalirudi dukani na vizibo vyake.

MRATIBU WA MAONYESHO
Dada yangu, bila wadhamini hao kiingilio kingekuwa 50,000.

DADA WA SABASABA
Kila mwaka wadhamini wanaongezeka kwenye bango na kila mwaka kiingilio kinapanda. Tueleze hilo kwanza.

MWALIMU WA KONDOA
Naomba tutenganishe mambo mawili. Kuna bei inayopandishwa na tamaa, na kuna bei inayopandishwa na aina yenyewe ya kazi. Mwaka 1966 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, waliueleza upande huu wa pili: kiwanda kikinunua mashine mpya, mfanyakazi mmoja hutoa bidhaa nyingi kuliko alizotoa jana, kwa hiyo mshahara wake unaweza kupanda bila bidhaa kupanda bei, lakini sanaa ya jukwaani haina mashine ya namna hiyo. Igizo la saa mbili lenye watu 12 lilihitaji watu 12 na saa mbili enzi za Mwalimu Nyerere, na linahitaji vivyo hivyo leo, ilhali unga, kodi ya chumba na nauli za watu hao 12 havikubaki enzi hizo. Zamani pengo hilo lilizibwa kwingine, kwa kuwa serikali na mashirika ya umma yalikuwa na vikundi vyao vya sanaa na waliokuwamo walikuwa na mshahara. Mtazamaji alilipa kidogo kwa sababu hakuwa mlipaji peke yake.

KIJANA WA NKUHUNGU
Mwalimu, kwa hiyo Baumol ndiye aliyepanga maji kwenye sofa?

MWALIMU WA KONDOA
Nimesema mambo ni mawili, mwanangu. Soma sentensi ya kwanza tena.

MWENYEJI WA MPWAPWA ALIYE UGHAIBUNI
Ninaishi New Jersey, ng'ambo tu ya New York. Huku mwaka 2025 tamthilia ya Othello ya Shakespeare, ilipoigizwa Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo wa New York, na Denzel Washington na Jake Gyllenhaal, ilikuwa na viti vya dola 921, ambazo kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi milioni mbili kwa mtu mmoja, usiku mmoja. Bei huku hupandishwa na kushushwa kufuatana na wingi wa wanunuzi, jambo ambalo Mama Neema amelieleza kwa lugha ya Bunge. Hata hivyo wameacha njia kwa mwenye kipato kidogo. Tamthilia ya muziki ya Hamilton ilipopamba moto walitenga viti vya bahati nasibu kwa dola 10, na tangu mwaka 1973 kipo kibanda Times Square kinachouza kwa bei pungufu tiketi za siku hiyohiyo ambazo hazijanunuliwa. Kule London, ukumbi wa Shakespeare's Globe uliofunguliwa mwaka 1997 uliuza kwa pauni 5, kwa zaidi ya miaka ishirini, nafasi za kusimama mbele kabisa ya jukwaa, yaani aliyelipa kidogo kuliko wote ndiye aliyekuwa karibu na mwigizaji kuliko wote.

MZEE WA MAKOLE
Kijana, milioni mbili za New York zisije zikawa kisingizio cha elfu thelathini za hapa. Waandaaji wanasoma.

MAMA WA MWIGIZAJI
Sikukusudia kuandika, lakini huyo mtoto aliyefukuzwa kwenye sofa amenikumbusha. Mwanangu wa tatu ni mwigizaji, na mwaka juzi alipewa nafasi ya kijana aliyetoroka nyumbani akarudi kuomba radhi. Waliahidiwa tiketi mbili mbili kwa ajili ya familia zao, na siku yenyewe wakaambiwa hazipo kwa kuwa wageni wameongezeka. Mimi nilikuwa nimekwisha kupanda basi kutoka Bahi, nikiwa na 12,000 kwenye pindo la khanga, maana bango lilisema 10,000. Kufika mlangoni nikaambiwa hiyo ilikuwa bei ya mapema, ya mlangoni ni 20,000. Nikamweleza mlinzi kwamba mimi ni mama mzazi wa anayeigiza, naye akanijibu kwa upole kabisa kwamba akina mama watano walikuwa wamekwisha kumwambia hivyo.

Nikazunguka nyuma ya ukumbi. Ukuta wa huko una matofali ya matundu, lakini yako juu, na chini yake alikuwapo kijana wa bodaboda akisubiri abiria. Akaniambia kwa shilingi 1,000 nipande juu ya kiti cha pikipiki. Nikapanda, viatu nimevishika mkononi, yeye amenishika vifundo vya miguu akisema, "Tulia mama, usicheze." Nikamwona mwanangu vipande vipande, kichwa kwenye tundu hili, mikono kwenye tundu lile, lakini sauti niliipata yote. Ikafika mahali anapopiga magoti na kusema, "Mama, nisamehe, nimerudi." Yule mwigizaji wa kike aliyekuwa mama yake akanyamaza, kumbe ndivyo ilivyoandikwa, anyamaze kwa muda mrefu. Mimi sikuweza. Nikajikuta nimepaza sauti kwenye tundu: "Nimekusamehe baba, inuka!"

Ukumbi mzima uligeuka. Mwanangu aliitambua sauti, akabaki amepiga magoti, kisha akalia kilio cha kweli, na watu wakasimama kupiga makofi wakidhani imepangwa. Walinzi wakatoka mbio kuja nyuma, na kijana wa bodaboda akawasha pikipiki kabla sijamaliza kushuka. Nilimpa 2,000.

DADA WA SABASABA
Mama, nimesoma hili mara mbili na machozi yananitoka huku ninacheka.

FUNDI WA CHANG'OMBE
Nilikuwamo ndani usiku huo. Nililipa 20,000, na katika igizo zima ninachokikumbuka ni sauti hiyo iliyotoka ukutani. Shikamoo mama.

MZEE WA MAKOLE
Hadithi ni nzuri, lakini tuseme ukweli: huo ni mlango wa panzi, yaani kutazama bila kulipa. Kila mtu akipanda pikipiki, nani atakata tiketi?

MAMA NEEMA
Mzee wangu, kwa heshima zote, huyo aliahidiwa tiketi ikafutwa. Panzi ni yule aliyeingia kwa kadi ya mwaliko akaacha sofa tupu.

MZEE WA MAKOLE
Na bodaboda aliyetoza 1,000 kwa onyesho lisilo lake naye tumwiteje?

KIJANA WA NKUHUNGU
Tumwite mdhamini.

MPIGA MUHEME WA CHAMWINO
Huku kwetu nindo na muheme, ngoma za Wagogo, huchezwa uwanjani na mwenye macho hutazama. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alitoka mkoa huuhuu, na watu wa Ulaya walilipa tiketi kumsikiliza, wakati majirani zake walimsikiliza bure. Sisemi kwamba bure ni sifa, kwa sababu sisi tukimaliza kupiga tunapewa soda na shukrani, na kesho yake jembe linatungoja. Ndiyo maana nikisikia 25,000 sishtuki kwanza; ninauliza mwigizaji amepata ngapi katika hizo.

MAMA WA MWIGIZAJI
Mwanangu usiku ule alipewa 30,000, yaani tiketi moja na nusu kwa bei ya mlangoni.

MKAZI WA IPAGALA
Hapo mjadala umefika nilikotaka. Huku tukimsubiri Mratibu, wenye mbinu za kupunguza gharama waziweke.

FUNDI WA CHANG'OMBE
Nunua mapema kwa Lipa Namba, utunze ujumbe wa malipo, na udai risiti ya mashine. Ukinunua mapema unaokoa hadi nusu ya bei.

MSOMAJI WA SINGIDA
Msimsikilize Fundi. Mimi nilinunua mapema, onyesho likaahirishwa mara ya kwanza, likaahirishwa tena, kisha namba ya mwandaaji ikawa haipatikani, na hata ile ya kutolea sikurudishiwa. Nenda mlangoni onyesho likiwa limekwisha kuanza. Wakiona viti vitupu watakupokea kwa bei yoyote.

FUNDI WA CHANG'OMBE
Halafu utazame mwisho bila kujua nani aliuawa.

DADA WA SABASABA
Ombeni kuingia kwenye mazoezi ya mwisho. Makundi mengine huruhusu kwa 3,000, wanavaa maleba yote, na hakuna hotuba ya mgeni rasmi.

MAMA NEEMA
Subirini Julai. Bunge likishaahirishwa, bei hushuka yenyewe.

MPIGA MUHEME WA CHAMWINO
Kaka Mratibu, bado unasoma? Swali ni fupi: katika 25,000 ya bango lile, mwigizaji atapata ngapi, na sofa ni ngapi?

MRATIBU WA MAONYESHO
Onyesho hilo la bangoni si langu, ila ninaweza kueleza la kwangu lililopita. Nitajibu kesho nikiwa na daftari la mapato na matumizi.

DADA WA SABASABA
Weka picha ya ukurasa wenyewe, kaka. Wa kadi za mwaliko usiusahau.