Nilinunua "lisensi ya maisha" ya programu ya picha, kumbe maisha yenyewe yalikuwa ya kampuni

Wakuu heshima zenu. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa "leptopu gani nzuri kwa kueditia", hii ni habari nyingine kabisa na nina hasira nayo wiki ya pili sasa.

Mimi napiga picha za harusi hapa Dar. Sendofu, kichen pati, kipaimara, ubatizo, zote napiga, sio mkubwa wa kutisha, nina Nikon D750 ya mtumba, lenzi mbili na kijana mmoja wa kunishikia taa. 2018 nikasema niache kuokoteza programu za hapa na pale, nitafute moja ya maana ya kupangia na kueditia picha zangu zote. Nikaingia YouTube. Aisee wale jamaa Mungu anawaona. Dakika kumi na mbili mtu anavuta slaida tu, anga linakuwa bluu, ngozi inalainika kama imepakwa mafuta ya nazi, chunusi zinapotea, alafu mwisho "bonyeza linki hapo chini upate punguzo". Nimeangalia video kama thelathini, hakuna hata mmoja, narudia HAKUNA HATA MMOJA, aliyesema ukishazipa picha nyota za ubora, ukaandika majina ya wateja, ukaediti picha elfu arobaini, hiyo kazi yako yote inaandikwa wapi na siku ukitaka kuhama unahama na nini.

Nikanunua. Jina la kampuni silitaji, sitaki kesi, wala sio wale wakubwa mnaowafikiria. Walikuwa wanauza "lisensi ya maisha", unalipa mara moja basi. Nikalipia kupitia kadi ya ndugu yangu maana yangu ilikuwa inagoma, nikafurahi, nikaona wenzangu wanaolipa kila mwezi kwa dola ni wajinga. Nikadhani maisha ni yangu, kumbe ni yao.

Sasa kwa wasiojua hizi programu zinavyofanya kazi. Ukipiga raw, yaani ile faili ghafi ya kamera, programu haiigusi ile faili yenyewe. Unavyovuta mwanga, unavyokata pembeni, unavyoweka nyota, unavyoandika "harusi Kimara, baba wa bi harusi", yote hayo ni maelezo tu, yanaandikwa kwenye daftari la programu, database. Ni kama daftari la mangi dukani. Mzigo upo stoo, lakini nani kachukua nini na anadaiwa ngapi anajua mangi na daftari lake. Mangi akifunga duka akaondoka na daftari, wewe umebaki na magunia tu hujui lipi la nani. Picha zangu zote zipo wakuu, sijapoteza hata moja! Nilichopoteza ni daftari.

Mwaka jana disiki ya leptopu yangu ilikufa. Sio shida, picha zipo kwenye eksteno (disiki za nje) tatu na ile faili ya database nilikuwa nimeikopi. Nikanunua leptopu nyingine, nikainstoli programu yangu ya maisha, nikaweka namba ya lisensi, ikawa inazunguka, inazunguka, mwisho inasema haiwezi kuwasiliana na seva. Nikajaribu asubuhi, nikajaribu usiku, nikabadilisha laini. Kwenye tovuti yao toleo langu halipo tena, kuna jipya la kulipia kwa mwaka, na wateja wa zamani tunapewa punguzo, eti wanatujali. Nikaandika imeili tatu, nikajibiwa na mashine mara tatu. Ile database nikijaribu kuifungua na programu nyingine yoyote inaonekana kama uchafu. Nikasema ah, ntashughulika nayo nikipata nafasi. Mnajua ilivyo, kazi zinaingia, unasahau.

Mpaka Jumanne ya wiki iliyopita. Saa kumi na mbili jioni simu inaita, namba siijui, mama mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyepiga harusi ya binti yangu pale Kimara?"

Nikasema ndiyo mama. Akanyamaza kidogo. "Mzee ametangulia. Kesho saa mbili asubuhi tunasafirisha kwenda Rombo. Kuna picha ulimpiga amevaa suti ya kijivu, kashika maiki, anacheka. Ndiyo tunataka ikae mbele ya jeneza. Ya kwetu ilikuwa kwenye simu na simu ilishaibiwa."

Nikampa pole, nikamwambia mama usijali, ipo. Na nilikuwa naikumbuka kabisa. Mzee alisimama kutoa nasaha, katikati akasahau jina la mkwe wake, ukumbi mzima ukaangua kicheko na yeye mwenyewe akacheka mpaka akafunga macho. Flashi ilimpiga kwenye paji likang'aa kama sahani ya bati, nilikaa na ile picha moja nusu saa nzima naushusha ule mng'ao taratibu mpaka likaonekana paji la mtu. Nyota tano niliipa.

Ipo. Haya, ipo wapi?

Faili za Nikon zinaitwa DSC_0001 mpaka DSC_9999 kisha zinaanza tena moja. Mimi harusi moja napiga kama picha elfu mbili, kwa hiyo kila harusi tano majina yanajirudia. Nina DSC_4417 sijui ngapi humo ndani. Tarehe? Kamera ilikaa bila betri muda mrefu mwaka ule saa yake ikajirudisha, sikuirekebisha (hapa kosa ni langu, nakubali, msinishambulie), na tarehe anayoonyesha Windows kwenye folda ni ya siku nilipokopi. Na majina ya folda ndo usiseme, "mpya", "mpya 2", "harusi j2", "MZIGO USIFUTE". Si nilikuwa najua programu inajua! Naandika "Kimara" inaniletea, kwa nini nihangaike na majina ya folda?

Nikakaa chini. Eksteno ya kwanza, hamna. Faili moja ya raw ni kama MB 28, piga mara elfu mbili, GB hamsini na kitu kwa harusi moja, ukijaribu kuzifungua moja moja utakesha mwaka. Kilichoniokoa ni FastStone, kale kajiprogramu kadogo, maana kenyewe hakahangaiki kuipika raw, kanachomoa ile jpeg ambayo kamera inaificha ndani ya kila raw na kukuonyesha hapohapo. Nikawa nashikilia kitufe cha mshale tu zinapita. Mabibi harusi, keki, mashangazi, keki, mtu anakula, mtu anakula. Saa tisa na dakika arobaini usiku nikamwona mzee. Eksteno ya tatu, folda imeandikwa "nyingine".

Na paji lake linang'aa kama sahani ya bati.

Ile niliyoiediti imo kwenye database isiyofunguka. Nikajaribu kuishusha upya haraka haraka, usingizi machoni, ikatoka rangi ya saruji, mzee anaonekana kama kapigwa plasta. Nikafuta, nikaacha mng'ao karibu wote, nikapunguza kidogo tu. Saa moja kasoro nikamgongea jamaa wa kuprinti, tukaitoa A3, nikaiwahisha kwenye fremu gari la msiba likiwa linapakia. Mama akaiangalia akasema "ndiyo yenyewe mwanangu, asante." Hajui kwamba kuna nyingine.

Basi ndo nina hasira hivyo.

Alafu jioni nikaenda kwenye grup letu la wapiga picha WhatsApp kueleza, majibu niliyopewa: "tumia kraki tu mkuu, unalipia programu Tanzania hii?" Nyie watu wa kraki, hizo programu za wizi zilizovunjwa kufuli, mnachekesha sana. Kraki nayo ina daftari lake lilelile, tena ni baya zaidi kwa sababu siku ikigoma huna hata wa kumtukana. Na wengine mnaingiza virusi kwenye mashine yenye picha za watoto wa watu. Sitaki kusikia habari hizo kwenye huu uzi.

Mwingine akaniambia "ungekaa na kampuni kubwa". Kampuni kubwa zipi? Picasa tuliipenda wote, bure, nyepesi, inatambua sura za watu, ya Google kabisa, na mwezi wa tatu 2016 wakaifunga. Aperture ya Apple ilitoka 2005, mapro wakaijazia kazi ya miaka, 2014 wakatangaza hawaiendelezi tena, na kuanzia macOS ya 2019 haifunguki kabisa. Google Photos ilikuwa unapakia bila kikomo bila kulipa, 1 Juni 2021 wakaweka kikomo. Adobe nao, programu yao ya picha, Lightroom 6 ya 2015, ndo ya mwisho waliyouza kwa kulipa mara moja, baada ya hapo ni kulipa na kulipa, na 2024 serikali ya Marekani iliwapeleka mahakamani ikidai kwamba ada ya kujitoa mapema kwenye mkataba wanaificha mtu asiione. Sio kwamba Lightroom ni mbaya, kazi inafanya, na walau ukiacha kulipia ile Lightroom Classic, ya kwenye kompyuta, bado unaiona maktaba yako na unaweza kuzitoa picha, kinachofungwa ni upande wa kueditia. Hilo nalo angalau wangetuambia kwenye hizo video badala ya anga la bluu!

Kuna kitu kinaitwa XMP. Ni faili ndogo ya maandishi inayokaa pembeni ya picha yako, ndani yake kuna nyota, majina uliyoandika, na maelekezo ya ulivyoediti. Programu nyingi kubwa zinaweza kuiandika. Lightroom Classic inaweza, ila ukiinstoli kile kitufe cha kuiandika XMP yenyewe kimezimwa, lazima uingie kwenye mipangilio ukiwashe, au uchague picha zako ubonyeze Ctrl na S. Kitufe kimoja! Yaani kitu kinachookoa kazi yako ya miaka kumi wamekizima na hakuna anayekwambia. darktable, programu ya kueditia raw ambayo ni bure, inaiandika yenyewe bila kuombwa. digiKam nayo bure, hiyo ni kwa kupangia hasa, ukiiwekea inaandika majina na nyota ndani ya faili yenyewe, kwa hiyo hata kesho ukiitupa digiKam kwenye jaa maneno yako umebaki nayo.

Ila msidanganyane, XMP inahamisha nyota na maneno, mapishi yenyewe, yaani ulivyoediti, hayahami vizuri. Mng'ao nilioushusha kwenye programu moja, nyingine haijui ushushe vipi, kila moja ina mahesabu yake. Dawa yake ni ya kizamani, zile nzuri ulizoziediti zitoe kama jpeg kubwa kamili au TIFF (faili nzito isiyopoteza ubora) ukazihifadhi pembeni ya raw yake siku hiyohiyo kabla mteja hajamaliza kukulipa. Mimi nilikuwa nawapa wateja vile vidogo vya WhatsApp na vya kwenye flashi disiki, yangu naacha ndani ya programu. Ujinga wa kiwango cha juu.

Na hizi za bure nazo msizisifie kama mnauza sabuni. darktable ukiifungua mara ya kwanza utafikiri umeingia kwenye chumba cha rubani, vitufe vinakuangalia, na leptopu isiyo na kadi ya grafiki ya maana itahema. RawTherapee inatoa picha safi sana lakini kwa kupangia sio yenyewe. FastStone ni bure kwa matumizi ya nyumbani, ukifanyia biashara wanataka ulipie, na mimi sasa nimelipia, safari hii kwa roho safi.

NYONGEZA: Mkuu aliyeuliza kwa nini sikufanya bakapu, soma tena, bakapu NILIKUWA NAYO. Nilibakapu daftari lisilosomeka.

NYONGEZA 2: Wanaonifuata inbox niwatajie jina la kampuni, siwataji. Ila ukitaka kujua kama yako ni ya aina hiyo, fanya hivi leo: chukua picha moja, iwekee nyota tatu na jina la bibi yako, funga programu, ikopi picha na kila kilichopo pembeni yake upeleke mashine ya mtu mwingine, fungua na digiKam (kwenye mipangilio yake iruhusu kwanza kusoma faili za pembeni za XMP). Bibi akionekana, endelea na kazi. Asipoonekana njoo tukae wote hapa.

NYONGEZA 3: Ndiyo, nimeanza kuziandikia majina upya zote, kila usiku saa mbili za kazi. Nipo eksteno ya kwanza bado, folda inaitwa "mpya mpya 2", ni sendofu ya watu fulani hivi, rangi ya sherehe zambarau na dhahabu, ukumbi naujua ni wa Tabata, ila bi harusi ni nani hata sikumbuki.