Ushauri: Mandolini yenye skroli au Gibson ya zamani yenye ufa? Nina dola 1,200

Mtoto wa Kigoma

Wakuu, heshima kwenu.

Niko Louisville, Kentucky. Kanisani napiga gita la solo kwenye kwaya yetu ya Kiswahili, na mtaani kwangu kuna wazee wa Kimarekani wanaokutana kupiga bluegrass, ule muziki wa nyuzi wa mashambani wa Kimarekani, na wamenikaribisha. Tangu niisikie mandolini, kile chombo kidogo cha nyuzi nane zilizofungwa mbili mbili, kwa karibu sina raha, nataka yangu. Bajeti ni dola 1,200, na wauzaji wote wanasubiri jibu kufikia Jumamosi. Nimepata tatu:

Ya kwanza ni umbo la F, ina ile skroli iliyojiviringisha begani na ncha mbili upande wa chini. Matundu ni ya f kama ya fidla. Tangazo linasema "Loar F", bei 750. Kichwani imeandikwa The Loar. Inang'aa sana, haina hata mkwaruzo.

Ya pili ni ya kampuni ya Gibson, umbo la A, lile la tone la maji, tundu moja la yai. Muuzaji anasema ni ya miaka ya 1910. Ina ufa kwenye ubao wa mbele upande wa nyuzi nyembamba, kutoka mkiani hadi karibu na daraja (kile kipande cha mti kinachobeba nyuzi). Anataka 1,100.

Ya tatu ni ya Kiitaliano, mgongo wa bakuli, imenakshiwa vizuri mno. Jirani ananipa kwa 150.

Skroli inaongeza nini kwenye sauti? Ufa unaua thamani kiasi gani? Na kwa mtu anayetaka kupiga kwaya na bluegrass, ipi inafaa? Nawasilisha.

---

Nyuzi Nane

Karibu mkuu. Tuanze na jina, maana hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Lloyd Loar alifanya kazi Gibson, kule Kalamazoo, Michigan, kuanzia 1919 hadi 1924. Mandolini ya F-5 ilitoka 1922 chini ya usimamizi wake, na zile zilizobandikwa karatasi yenye saini yake leo zinauzwa kwa zaidi ya dola laki moja. Ya Bill Monroe, yule anayeitwa baba wa bluegrass, mzaliwa wa Rosine hukohuko Kentucky, ilisainiwa tarehe 9 Julai 1923. "The Loar" ni kampuni ya sasa inayotengenezewa vyombo vyake China na iliyochukua hilo jina. Ni vyombo halali kabisa na vingine vinapiga vizuri kwa bei yake, ila havina uhusiano na mzee Loar. Muuzaji akikuambia "Loar" kwa sauti ya heshima, muulize namba ya toleo, kisha tafuta bei ya toleo hilo likiwa jipya dukani. Usilipe historia ambayo haimo ndani ya kasha.

Skroli sasa. Kwenye sauti mchango wake ni mdogo sana. Ni pambo, na ni pambo gumu kuchonga: fundi anakula saa nyingi kwenye ule mzunguko, kuinama kwa zile kona na kubandika utepe wa pembeni bila kuacha mwanya. Hizo saa ndizo unazolipia. Tazama Eastman MD305 na MD315: mfululizo mmoja, miti ileile, matundu ya f kwa zote mbili. Moja ni A, nyingine ni F, na tofauti ya bei ni mamia ya dola. Ukifumba macho mtu akakupigia zote mbili, utahangaika kusema ipi ni ipi.

---

Dada Mwasi

Nafuatilia huu uzi, mdogo wangu pia anatafuta.

---

Fundi Mbao

Mimi ni fundi wa vyombo vya nyuzi, nakaa Minnesota. Alichosema Nyuzi Nane kuhusu skroli nakiunga mkono, ila muuliza swali bado hajaambiwa sauti inatoka wapi.

Inatoka kwenye ubao wa mbele. Nyuzi zinakandamiza daraja, daraja linatikisa ubao, ubao unasukuma hewa. Kwa hiyo swali la kwanza dukani ni hili: ubao huu umechongwa, umekunjwa kwa joto, au ni plaiwudi? Uliochongwa huanza kama kipande kinene cha sprusi, mti mwepesi wa nchi za baridi. Fundi anaondoa mti kwa tindo na virandio vidogo mpaka upate tumbo kama la fidla, katikati mnene, ukielekea pembeni unazidi kuwa mwembamba. Ndivyo Orville Gibson alivyotaka, na hataza yake ya 1898 ilihusu hilohilo la kuchonga mandolini badala ya kukunja mbao. Plaiwudi ni ngumu kupasuka, lakini sauti yake imebanwa.

Namna ya kujua: chukua tochi, angalia ukingo wa tundu. Kama haujafunikwa na utepe, mistari ya mti uliopo juu inashuka moja kwa moja mpaka ndani. Ukiona matabaka, rudi nyumbani na pesa zako.

Jambo la pili ni tundu. Matundu ya f hutoa sauti kavu yenye makali, inayofika mbali na kukatika haraka. Kwenye bluegrass hakuna ngoma. Mandolini ndiyo inayokata pigo la pili na la nne, chap, chap, na hapo f ni mfalme. Tundu la yai hutoa sauti nene, ya mviringo, inayokaa kidogo kabla ya kufifia. Kwaya itaipenda.

Jambo la tatu huwa halionekani bila kioo: fito za ndani, zilizobandikwa chini ya ubao wa mbele. Mandolini nyingi za f zina fito mbili zinazokwenda kwa urefu, karibu sambamba. Nyingine zina fito zilizopishana kama X, na hizo hulainisha sauti. Gibson za A za zama hizo zina ufito mmoja tu unaokata kwa upana chini ya tundu.

Halafu kuna shingo. Kwenye F-5 shingo inaungana na mwili kwenye freti (vile vijichuma vya shingoni) ya 15, wakati F-4 iliyotangulia iliungana kwenye ya 12. Urefu wa uzi ni uleule, takribani sentimita 35, kwa hiyo shingo ikitoka nje zaidi, daraja linasogea kuelekea katikati ya ubao, mahali unapotikisika kwa uhuru. Mabadiliko hayo ya shingo yalibadilisha sauti ya mandolini ya Kimarekani kuliko skroli zote zilizowahi kuchongwa.

---

Mtoto wa Kigoma

Asante sana fundi. Nimempigia simu muuzaji wa F, hajui namba ya toleo na hataki kuingiza kioo ndani. Je, ile ya Kiitaliano? Moyo wangu umeipenda, nakshi zake ni za ajabu, na 150 si pesa nyingi.

---

Mzee wa Udi

Mwanangu, nakuandikia kutoka Mombasa. Mimi ni mtu wa udi, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, na hiyo mandolini ya bakuli naielewa kwa sababu mgongo wake umejengwa kama wa udi: vipande vyembamba vya mti vimekunjwa kwa joto, vikaungwa ubavu kwa ubavu. Huo ndio mtindo wa Napoli. Ukoo wa Vinaccia ulikuwa mashuhuri kwa kazi hiyo, na Pasquale Vinaccia anatajwa kuwa ndiye aliyeiimarisha mandolini katika karne ya 19 ili ibebe nyuzi za chuma.

Angalia unene wa mbao zake. Chombo hicho ni chepesi kama yai. Wamarekani wanazifunga nyuzi nzito za bluegrass, ubao unabonyea mbele ya daraja, shingo inainuka, na haitengenezeki kwa bei ya maana. Ndiyo sababu zimejaa mitaani kwa bei ya chini, hata zenye lulu na nakshi. Nakshi hazikuambii kitu kuhusu sauti.

Jambo moja zaidi, maana sisi wa pwani tunalijua: baadhi ya hizo za zamani, kibao cha kuzuia mikwaruzo kimetengenezwa kwa gamba la kasa aina ya ng'amba. Biashara ya kimataifa ya ng'amba imepigwa marufuku. Ukitaka kuja nayo nyumbani likizo, forodhani wanaweza kukuzuia. Hakikisha kwanza ni gamba au ni plastiki.

---

Dalali wa Magita

Naona mnamkatisha kijana tamaa ya F. Mimi nanunua na kuuza. Ukitaka kuuza mandolini Kentucky au Tennessee, mnunuzi wa kwanza anauliza, "Ina skroli?" Hata kama ni pambo, pambo linauzika. A nzuri inakaa dukani wakati F ya kawaida imeondoka. Thamani ni kile mtu anachokubali kulipa, si kile fundi anachokiona kwa kioo.

---

Nyuzi Nane

Dalali, hilo sikupingi kwa F zilizotengenezwa vizuri. Lakini weka hesabu kamili. F iliyotumika ya kiwanda cha bei nafuu, uking'oa skroli unabaki na chombo cha dola mia tatu hivi. Kwa pesa ileile unapata A iliyochongwa kwa mti mzima, ikafungwa kwa usafi zaidi. Yeye anataka kupiga, hajasema anataka kuuza.

Na hiyo Gibson nayo ina soko lake. Za A za miaka ya 1910 na 1920 zilitengenezwa kwa wingi, kwa hiyo si adimu kama F za Loar, lakini bei zake zimetulia miaka mingi.

---

Fundi Mbao

Kweli. Basi tuiangalie Gibson, maana naona uzi unaelekea huko. Mtoto wa Kigoma, ukifika Jumamosi fanya haya:

Chungulia kupitia tundu la yai. Kuna karatasi yenye namba ya chombo, na namba nyingine imegongwa kwenye gogo la ndani ambapo shingo inaunganishwa. Ziandike zote mbili, kuna orodha mtandaoni zinazotoa mwaka. Usishangae mgongo ukiwa wa mti wa bachi wakati mwenyewe anasema ni mti wa mepo. Gibson walitumia bachi kwenye nyingi za A, na inalia vizuri.

Weka jicho kwenye mwisho wa shingo, tazama kama unavyotazama ubao dukani. Za miaka ya 1910 hazina chuma cha kurekebisha ndani ya shingo. Kile kilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shingo ikiwa imepinda, hakuna skrubu ya kukuokoa.

Kisha ulaze mwanga pembeni ya ubao wa mbele. Tumbo dogo la kupanda ndilo linalotakiwa. Likiwa limezama kati ya tundu na daraja, huenda ule ufito mmoja umeachia, na hapo bei ishuke sana au uondoke.

Ufa wenyewe: bonyeza taratibu kwa kidole gumba upande mmoja. Kingo zikibaki sawasawa, ni ufa wa ukavu, unaenda na mistari ya mti, na unazibika kwa gundi na vipande vidogo vya sprusi kwa ndani. Ukiona upande mmoja unashuka kuliko mwingine, ni kazi kubwa.

Kibao cha kuzuia mikwaruzo, kile cha seluloidi (plastiki ya zamani), kikiwa bado kipo, kinuse. Kikianza kuoza hutoa harufu kali na kutia kutu nyuzi na vyuma vilivyo karibu. Kitoe, ukihifadhi nje ya kasha.

La mwisho, rangi. Ufa uliozibwa vizuri hupunguza bei kiasi. Kupakwa rangi upya kote kunaweza kuondoa karibu nusu ya thamani, kwa sababu vanishi ya asili hairudi.

---

Mtoto wa Kigoma

Wakuu, nimerudi. Nimekwenda na tochi na kakioo ka daktari wa meno. Namba zote mbili zipo, orodha inasema 1917. Shingo imenyooka. Tumbo la ubao bado lipo. Nimebonyeza ufa, kingo hazikusogea hata kidogo, na ndani nimeona hakuna aliyewahi kuuziba. Vifunguo vya kukazia nyuzi ni vipya, vya zamani vimo kwenye kasha ndani ya soksi. Rangi ni ya asili, imechakaa pale mkono unapolala.

Kisha muuzaji akanipigia hiyo mandolini niisikie. Ilipofika sauti nene ya G nilisikia kifuani. Nilimwonyesha ufa na nikamwambia gharama ya fundi, tukafika 925. Nimeichukua. Wazee wa bluegrass watanisamehe makali yakikosekana.

Kabla sijampelekea fundi wa hapa, kuna la kujihadhari nalo?

---

Nyuzi Nane

Hongera sana kaka! Kwa bluegrass, legeza mkono wa kushoto mara tu baada ya kupiga ili uzi unyamaze, utapata pigo kavu la kutosha. Bill Monroe mwenyewe alikuwa akipiga F-7, toleo jingine la Gibson, kabla ya kupata ile ya 1923.

---

Fundi Mbao

Umenunua vizuri. Daraja halijagundishwa, limeshikwa na mkazo wa nyuzi tu, kwa hiyo usitoe nyuzi zote kwa mpigo. Badilisha jozi moja moja. Likisogea, gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, kisha ukandamize palepale: sauti mbili zikilingana, daraja limekaa mahali pake. Funga nyuzi nyepesi, zile nzito ziache kabisa. Majira ya baridi heta za nyumba hukausha hewa, tunza unyevu wa kasha kati ya asilimia 40 na 50, la sivyo ufa wa pili unakuja. Vile vifunguo vya zamani usivitupe, ni sehemu ya bei yake. Na mwambie fundi kwa maandishi: azibe ufa kwa ndani, juu asipake chochote.