MJADALA: Ushauri wa kitaaluma vyuoni uhamie kwenye mfumo wa kujifunzia mtandaoni?

Wanajukwaa, salaam. Vyuo vingi hapa Tanzania vina mfumo wa kujifunzia mtandaoni, na mara nyingi ni Moodle, programu huria iliyotoka mwaka 2002. Humo tunaweka notsi, kazi na majaribio. Sasa kuna hoja kwamba ushauri wa kitaaluma nao uhamie humo: kuchagua kozi za hiari, kubadili programu ya masomo, kuahirisha mwaka, kujipanga na sapu (mitihani ya marudio). Mwanafunzi aulize humo na mshauri wake, yaani mhadhiri aliyepangiwa, amjibu humohumo.

Mimi naunga mkono, na sababu yangu kubwa ni kwamba maandishi yanabaki.

Nimefanya kazi ofisi ya mitihani ya kitivo, nimeyaona haya. Mwanzoni mwa mwaka orodha inabandikwa ubaoni, kila mwanafunzi na mshauri wake. Mwanafunzi anakwenda mara moja kusainiwa fomu, basi. Akirudi na swali anakuta mlango umefungwa, anaishia kumuuliza CR (kiongozi wa darasa) au kaka wa mwaka wa tatu. Akibahatika kumkuta mshauri, anajibiwa koridoni: "Chukua tu hiyo, itahesabika."

Shahada ya kwanza ya miaka mitatu inataka krediti, yaani pointi za uzito wa kila kozi, zisizopungua 360. Kozi za lazima hazina utata. Balaa liko kwenye za hiari. Kijana anachukua kozi ya idara nyingine kwa neno la mdomo, anafaulu, anasonga mbele. Muhula wa mwisho orodha ya wahitimu inapitiwa na anaambiwa kozi ile haitambuliki kwenye programu yake, amepungukiwa krediti 8. Anakimbilia kwa mshauri. Mshauri hakumbuki, wala simlaumu, maana ana wanafunzi wengi. Kozi inayohitajika hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, na muhula wenyewe umeshapita. Nyumbani walishaanza kuchangishana za mahafali. Sasa anarudi mwaka mwingine kwa ajili ya kozi moja, bila uhakika wa bumu (pesa ya mkopo wa kujikimu), na hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba alishauriwa hivyo.

Ushauri ule ungeandikwa kwenye mfumo, ungekuwa na tarehe na jina la aliyeutoa. Kamati ya mitihani ingekuwa na kitu cha kusoma.

Wanaosema mambo haya hayawezekani watazame Georgia State University, Atlanta, Marekani. Mwaka 2012 walianza kutumia mfumo unaofuatilia dalili zaidi ya 800 za mwanafunzi anayeyumba, kwa mfano alama ndogo kwenye kozi ya msingi, au kujisajili kozi isiyo ya programu yake. Dalili ikionekana, mshauri anapata taarifa na yeye ndiye anayemtafuta mwanafunzi. Pamoja na hatua nyingine walizochukua, kiwango cha kuhitimu kilichokuwa 32% mwaka 2003 kilivuka 50%. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba chuo kile kiliajiri pia washauri wapya 42. Mfumo ulikuja na watu wake.

Karibuni tujadili.

Mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa pili:
Mkuu, umesahau bando. Na siku ya mwisho ya kukusanya kazi mfumo wenyewe unaganda, ndiyo nikauulize mambo ya maisha yangu? Mtu aliyefiwa na baba anayemsomesha, au binti aliyepata ujauzito, hataandika shida yake mahali asipojua nani anasoma. Mshauri wangu mimi alifunga mlango, akazima simu, akanisikiliza. Bila yeye ningekuwa nimeshaacha chuo.

Mleta mada:
Mdogo wangu, hilo la faragha nakubaliana nawe kabisa. Ukiandika kwenye jukwaa la kozi, wenzako waliosajiliwa humo wanakusoma, na msimamizi wa mfumo anaona mengi kuliko mnavyodhani: uliingia lini, ulifungua nini, ulikaa wiki ngapi bila kuingia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Chuo kimweleze mwanafunzi kwa Kiswahili cha wazi nani anaona nini. Msiba, ugonjwa na ujauzito vibaki ofisini, mlango ukiwa umefungwa; kwenye mfumo aombe miadi tu. Ila bando la ujumbe wa maandishi ni dogo kuliko nauli. Mfikirie mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria aliye Kigoma, anayesoma huku anafanya kazi. Mhadhiri wake yuko Dar es Salaam. Huyo utamwambia apande ngazi za ofisi ipi?

Mhadhiri:
Mnatupangia kazi bila kutuuliza. Mimi nina madarasa makubwa, script za kusahihisha, utafiti na usimamizi wa tasnifu. Ujumbe wa wanafunzi unaingia saa sita usiku, na asubuhi mtu analalamika hajajibiwa. Kwenye kupandishwa cheo naulizwa machapisho. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimeshauri wangapi.

Mleta mada:
Mwalimu, heshima yako. Umegusa penyewe, na hapa ndipo ninapoweka sharti. Saa za ushauri ziingie kwenye ratiba kama kipindi, zihesabiwe kwenye mzigo wa kazi na zionekane kwenye tathmini ya kupanda cheo. Jibu litolewe ndani ya siku tatu za kazi, usiku na Jumapili haviguswi. Swali la krediti lisilopata jibu ndani ya muda huo liende moja kwa moja kwa mkuu wa idara. Chuo kisichokuwa tayari kwa hayo kisihamishe kitu, kwa sababu kitakuwa kinamwongezea mwalimu mzigo bure na kumpa mwanafunzi mlango mwingine uliofungwa.

Nakuuliza wewe na walimu wengine mliomo humu: mshauri mmoja akihudumia wanafunzi wangapi anaweza kumjua kila mmoja na rekodi yake?