Mnalalamikia kausha damu, hii mikopo midogo inayowabana wakopaji? Njooni muone afisa mikopo anavyokaushwa

Wakuu, heshima kwenu. Leo sizunguki, nimechoka.

Mimi ni afisa mikopo kwenye taasisi moja ya mikopo midogo hapa Dar, mwaka wa tatu huu. Jina la ofisi naliacha, watoto wanakula hapo. Leseni ya Benki Kuu (BoT) imetundikwa ukutani kwenye fremu ya kung'aa, na chini yake pamebandikwa karatasi: "WAFANYAKAZI NI FAMILIA YETU". Ndugu zangu wa damu hawajawahi kunikata mshahara.

Jumatatu saa 1 kamili asubuhi ni kikao. Kama una mteja aliyelala, yaani hakuleta rejesho wiki iliyopita, unasimama. Wenzako wamekaa, wewe umesimama mpaka kikao kiishe. Meneja anasoma jina la mteja na kiasi, kisha anakuuliza, "Hela yangu iko wapi?" Hela yake! Kuna kaka yetu mmoja ana miaka hamsini na kitu, mvi kichwani, anasimamishwa mbele ya vijana waliokuja mafunzo kwa vitendo. Kosa lake? Mama mmoja muuza samaki kwenye kikundi cha wakopaji anachokisimamia kafiwa na mume, wiki hiyo hakwenda soko la samaki la Feri.

Halafu kuna hii ya kutorudi ofisini mikono mitupu. Amri ni ukae kwa mteja mpaka alipe. Mwezi wa tatu tulimfuata mwenzetu huko Mbagala saa 2 usiku. Ana mtoto wa miezi minne. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje kwa mdaiwa tangu saa 9 alasiri, maziwa yamelowesha blauzi, kajiziba kifuani na faili la fomu za mkopo. Aliyemchemshia uji ni huyo huyo mdaiwa! "Kunywa mwanangu, hela kweli sina." Niligeuka nikaangalia barabarani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mama kunyonyesha hadi masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Nilipomgusia meneja akacheka: "Hiyo sheria inakusanya marejesho?"

Sasa nije kwenye lililonitoa pangoni. Mshahara wangu ni 480,000. Mwezi uliopita nimekatwa 190,000 kufidia wateja walioshindwa kulipa. Hakuna barua, hakuna kuitwa, nimeona tu meseji ya benki nikadhani mtandao unasumbua. Nikaenda kusoma kifungu cha 28 cha sheria hiyo hiyo. Ili mwajiri akukate kwa hasara, hasara iwe imetokana na kosa lako, akueleze kwa maandishi chanzo na hesabu yake, akupe nafasi ya kupinga, na jumla isizidi robo ya ujira. Robo ya 480,000 ni 120,000. Na mume wa muuza samaki kufa ni kosa la nani pale ofisini?

Wakubwa wa makao makuu wanaojisifu kwamba mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, imeshuka, hebu niwape siri. Haijashuka. Imefichwa. Mtu anayejua Jumatatu atasimamishwa kama mwanafunzi mtoro anafanya nini Ijumaa? Anatuma hela yake ya kodi ya nyumba kwa simu, inaingia kama rejesho la mteja. Ikimuishia, anamfufua mteja: anamwandikia mkopo mpya mkubwa zaidi, unaziba ule wa zamani, ripoti inatoka safi. Mteja aliyekuwa anadaiwa laki tatu sasa anadaiwa laki tano na biashara yake ni ile ile ya vitumbua. Nimefanya. Tumefanya wengi. Mnampigia makofi mwongo, mkweli mnamsimamisha.

Na watu wanaondoka. Tawini kwetu tulikuwa tisa, tangu Januari wameondoka watano. Kila anayeondoka anaondoka na kikundi kichwani: nani husafiri lini, mwenyekiti yupi anasikilizwa, nyumba ipi ukipita saa 12 asubuhi unamkuta mtu. Anakuja kijana mgeni na karatasi ya majina, anazungushwa Tandika yote, wateja wanamwambia hatukujui. Marejesho yanaporomoka, meneja anaongeza ukali, anaondoka mwingine. Hesabu hii hata darasa la nne wanaiweza.

Afisa utumishi? Nilimwandikia, akanishauri "nijifunze kuhimili presha". Siku iliyofuata meneja alikuwa na maneno yangu yote mdomoni.

Wenye uzoefu wa CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, nisaidieni. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 60, na zangu zimeshaanza kukatika. Nataka kumjua mtu aliyejaza Fomu Namba 1, ile ya kufungua mgogoro, akiwa bado kazini. Alidumu muda gani baada ya hapo?