Tupeane uzoefu: vyakula vimepanda bei, nyumbani kwako mnaishije?

MamaNuru_Mbagala

Habari zenu wapendwa. Nimechoka kuambiwa "bana matumizi". Tumeshabana mpaka mwisho. Nataka tuelezane mtu alifanya nini hasa, alianza na shilingi ngapi, na kipi kilimshinda. Yaliyoshindikana pia mtuletee.

Naanza mimi. Tuko sita nyumbani. Mume wangu ni fundi ujenzi, siku ya kazi hela inaingia, siku ya mvua haiingii. Kwa hiyo miaka yote nimekuwa nanunua vya siku hiyohiyo: mafuta ya kupima ya 500, sukari robo, mchele kilo moja, nyanya fungu. Niliamini ndiyo njia ya kubana, maana kila nikitoka dukani nimetoa hela ndogo.

Mwezi wa pili mtoto alimaliza dawa ya kikohozi, nikabaki na chupa ya mililita 100. Nikaiosha, nikaianika ikakauka. Siku nne mfululizo, kila nikinunua mafuta ya 500 nayamimina kwanza kwenye ile chupa kabla hayajaingia kwenye sufuria. Haikujaa hata siku moja. Vipimo vinne, yaani shilingi 2,000, vilitoa kama mililita 280. Nikapiga hesabu kwenye simu: lita moja naila kwa zaidi ya 7,100. Siku hiyohiyo duka la jumla ndoo ya lita 20 ilikuwa 108,000, lita inaangukia 5,400. Nilikaa kwenye kigoda nikalia. Jirani yangu mwenye mshahara wa mwezi anakula mafuta yaleyale kwa bei ndogo kuliko mimi ninayehangaikia mlo wa leo.

Sasa swali langu ni hili: nisiyeweza kutoa 108,000 kwa mkupuo, nafikaje kwenye ile bei ya 5,400?

BabaWatatu_Kayole

Asante kwa kuanzisha hii. Sisi mwaka wa kutufunza ulikuwa 2022. Pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200 hapa Nairobi. Mwezi wa Julai, uchaguzi ukikaribia, serikali ikatangaza pakiti iuzwe 100. Nilipanga foleni mara mbili, na mara zote mbili nikifika mbele rafu ni tupu. Baada ya wiki chache mpango wenyewe ukaisha. Mke wangu akasema, hatungojei tena pakiti ya mtu.

Akaanza kununua mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, sokoni na kupeleka posho mill. Hatukoboi, tunasaga yote. Ukikoboa unalipia ukobozi, halafu makapi unayaacha pale. Unga wa hivi ni mzito, ugali mdogo unashibisha, na ukichanganya na wimbi kidogo hata uji wa asubuhi unatosha mtoto mpaka saa sita. Wiki ya kwanza watoto waliukataa kwa sababu ya rangi. Hatukuwapikia kingine. Wiki ya pili walikula.

Jambo moja tafadhali msilichukulie rahisi. Nyumbani kwetu ni Kitui. Mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walikufa kule Ukambani kwa sumu ya mahindi yaliyoshika ukungu. Nilikuwa kijana, nakumbuka mazishi. Kwa hiyo mahindi ya rahisi ambayo yamebadilika rangi, yananuka unyevu, au yana vumbi la kijani, usinunue hata ukipewa nusu bei. Kupika hakuondoi ile sumu. Sisi tunamwaga mahindi kwenye ungo na kuchambua punje kwa punje kabla ya kwenda kusaga, watoto wote wanakaa, ni kazi ya Jumamosi jioni.

BiMkubwa_Ngambo

Salaam alaikum wanangu. Mie niko Unguja, nnalea wajukuu wanne.

Sisi huku wali ndio chakula. Mtoto akila muhogo mchana, jioni atakwambia hajala. Na mchele mwingi tunaokula huja kwa meli kutoka nje. Julai 2023 India ilipozuia kuuza nje mchele mweupe usio wa basmati, mimi wala sikuisikia hiyo habari kwenye redio, niliambiwa na mwenye duka nilipomuuliza mbona leo kilo imepanda tena.

Nikaamua wali siku tatu kwa wiki: Ijumaa, Jumapili na Jumanne. Siku nyingine ni vya ardhini na vya mtini, muhogo, majimbi, ndizi mbichi, na msimu wake shelisheli. Mjukuu mdogo alininunia, akaniuliza, "Bibi, leo hatuli?" na sahani ya muhogo iko mbele yake. Iliniuma, sitasema haikuniuma.

Kilichomgeuza ni tui. Nazi nazo zimepanda, kwa hiyo nyumba nyingi zimeanza kupika muhogo kwa maji na chumvi, na mtoto hawezi kuupenda. Mie nakuna nazi moja tu. Tui la kwanza, lile zito, naliweka pembeni. Machicha nayakamua tena mara mbili, na tui hilo jepesi ndilo linalopikia muhogo pamoja na kitunguu, pilipili mbichi na kipande cha papa au nguru mkavu. Ukishaiva natia lile zito, nakoroga mara moja, naepua. Nazi moja, watu watano, na chungu kinabaki kitupu. Zamani nilikuwa natia nazi mbili na natia lote pamoja, namwaga baraka.

Mwenye_Duka_Sakina

Nimeusoma mwanzo wa uzi huu mara mbili. Mimi nina duka Arusha, na mafuta ya kupima nauza. Nataka kusema upande wetu bila kujificha.

Kipimo ni ghali kwa sababu tatu. Mafuta yanayogandia kwenye mrija, kipimo na faneli hayarudi. Muda wa kumpimia mtu wa 500 ni uleule wa kumuuzia mtu wa lita tano. Ya tatu ndiyo kubwa: daftari. Kuna wateja wamehama mtaa na madeni yangu, na hasara hiyo naifidia kwenye vipimo vya waliobaki. Si haki kwa anayelipa, najua.

Nimejaribu kitu na wateja watano. Mtu ananiachia 500 kila siku na naandika mbele yake. Siku ya 12 inafika 6,000, anachukua lita kamili kwa bei ya lita. Kwa kupima, 6,000 hiyohiyo isingefika lita.

MamaNuru_Mbagala

Hizo siku 12, kaka yangu, huyo mteja anapikia nini?

Mwenye_Duka_Sakina

Swali la haki, dada. Wa kwanza nilimpa lita kwanza, akawa ananilipa 500 kila siku. Nilikubali kwa sababu namjua miaka minane. Mgeni nisingemkubalia, nasema ukweli. Wengine walisubiri siku ya kulipwa, wakanunua lita moja ya kuanzia, halafu ile ya 500 wakaendelea kuileta kama kawaida ili lita ya pili ije kabla ya kwanza kuisha.

MamaShangwe_Mza

Mtakaposema habari ya kuchanga, naomba mnisikilize.

Tulikuwa wanawake 22 Mwanza. Kila wiki 5,000, kuanzia Januari, na Desemba tugawane mchele, mafuta, unga wa ngano na sukari ya Krismasi. Mimi nauza mboga. Kuna wiki nilitoa ile 5,000 nikalala na chai. Mwezi wa kumi na moja mshika fedha wetu akahama usiku na watoto wake, simu haipatikani. Sitamtaja hapa, tulikuwa tunaabudu kanisa moja.

Zilikuwa fedha za karibu mwaka mzima za watu 22. Krismasi ile nilipika dagaa na ugali, na mwanangu wa darasa la tatu akaniuliza kama tumefanya kosa. Tangu siku hiyo sichangi popote. Bora nilanguliwe na kipimo.

Dada_Kimara

MamaShangwe, pole sana mama. Na sikulaumu.

Lakini naomba nieleze sisi tunavyofanya, kwa sababu nasi tuliumizwa hivyohivyo kabla. Tulijiuliza hela ilipotea wapi, tukaona ilipotea kwa kukaa. Ikikaa miezi 11 mikononi mwa mtu mmoja, hata mtu mwema anaweza kupatwa na msiba, mtoto akaugua, akachota. Kwa hiyo kwetu hela hailali. Tunakusanya Jumamosi saa moja asubuhi, saa mbili watu wawili wako njiani kwenda sokoni, saa sita mzigo uko sebuleni na tunagawa palepale, risiti inasomwa kwa sauti. Hakuna mweka hazina kwa sababu hakuna hazina.

Mambo mengine tuliyoyaona kwa kuumia: nyumba zisizidi nane, sisi ni tano. Asiye na hela Jumamosi hiyo anaruka mzunguko, hakopeshwi, na hakuna kumsema. Kitu kimoja kwa mara moja, tukianza mafuta ni mafuta. Wanaokwenda sokoni wanabadilishana, na nauli yao inatoka kwa wote. Mzani tunaazima kwa muuza nyama.

Tulianza mwanzoni mwa 2024, wakati mvua za El Niño zimesimamisha viwanda vya sukari na kilo imepita 4,000. Mfuko wa sukari ulikuwa haupatikani hata kwa hela, kwa hiyo tukaanza na maharage gunia moja. Na sukari yenyewe tuliipunguza kwenye chai kipindi kile, bei iliposhuka hatukurudia. Watoto wameshasahau.

Mkulima_Namtumbo

Naandika kutoka Ruvuma. Mnaponunua mahindi ghali mjini msidhani sisi tunatajirika. Miaka mingi tuliuza karibu yote Julai na Agosti, kila mtu anauza, bei iko chini, ada na mbolea vinadai. Februari ghala tupu. Mimi mkulima nikawa nanunua mahindi dukani, kwa bei karibu mara mbili ya ile niliyouzia. Niliona aibu kubwa.

Sasa hivi tunatenga kwanza ya kula, magunia nane kwa watu saba, ndipo tunauza. Yanakaa kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani. Unafunga wa kwanza umetoa hewa, unafunga wa pili, halafu wa nje. Dumuzi aliyemo anakufa kwa kukosa hewa, dawa haihitajiki. Ila panya akitoboa tundu moja umeshapoteza, kwa hiyo yasikae sakafuni wala kugusa ukuta.

Ninyi wa mjini mkinunua gunia zima msimu wa mavuno, pimeni unyevu kabla ya kufunga. Chukua chupa kavu, tia punje kiasi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa dakika chache. Chumvi ikigandia kwenye chupa, mahindi bado mabichi, yaanike tena. Ikianguka chini yote, hifadhi. Haya mambo ya sumukuvu aliyoyasema baba wa Kayole yanaanzia hapo, kwenye mahindi yaliyofungwa na unyevu wake.

Chumba_Kimoja_Moro

Mimi sina pa kuweka gunia, panya tunalala nao. Tuko wapangaji wanne ua mmoja, wote vijana, kila mtu alikuwa na jiko lake na mkaa wake wa kopo. Sasa tunapika chungu kimoja kwa zamu.

Maharage tunaloweka usiku, maji yale tunamwaga, tunayachemsha kweli kweli nusu saa, halafu sufuria na mfuniko wake tunaifunga kwenye blanketi nzito na kuiingiza kwenye boksi. Tukirudi kazini mchana tunaichemsha tena kidogo tu, yameiva. Kopo moja la mkaa linatosha pale tulipokuwa tunatumia matatu.

Mukaaji_Lubumbashi

Huku Lubumbashi bukari, yaani ugali, ndiyo maisha, na unga mwingi unatoka Zambia. Mwaka 2024 ukame ulipowapiga wenzetu wa Zambia, sisi ndio tuliolala njaa. Mama yangu alirudi kwenye kawaida ya bibi yake: unga wa mahindi na unga wa muhogo katika chungu kimoja, nusu kwa nusu. Bukari inakuwa laini na inavutika, ukiizoea unaitafuta. Sombe, majani ya muhogo, tunalima nyuma ya nyumba, hatununui.

MamaNuru_Mbagala

Wapendwa, nimerudi baada ya wiki tatu.

Nilimwonyesha mume wangu maneno ya Dada_Kimara, nikawapitia majirani. Wawili walikataa, mmoja kwa sababu ileile ya MamaShangwe, sikumlazimisha. Tukapatikana watano. Kila nyumba ilitoa 21,600 ya mafuta, na nauli juu yake, na mimi ya kwangu niliikusanya kwa siku tisa, tukala matembele ya kuchemsha na nyanya bila mafuta. Zilikuwa siku ngumu.

Ndoo tuliifungulia barazani kwangu. Nilikuwa nimeosha chupa za maji za lita moja, 20, na kila mtu akaona chupa zake nne zikijaa. Kwa hesabu ya ile chupa ya kikohozi, lita nne zingenigharimu kama 28,500. Ukiacha nauli, nimebakiwa na 6,900, ambazo ni kilo mbili za mchele na chenji.

Kuna jambo nililoliona ambalo hakuna aliyenionya: mafuta yakiwa mengi mkono unakuwa mwepesi. Siku tatu za kwanza nilimimina hovyo. Sasa ile chupa ya mililita 100 ndiyo kipimo changu cha siku, najaza asubuhi, ikiisha imeisha.

MamaShangwe, jirani yule aliyekataa alikuja jana jioni kuangalia tu zile chupa. Alisimama mlangoni kitambo, akauliza Jumamosi tunaondoka saa ngapi. Tunakwenda soko la Tandale, zamu hii ni mchele.