Kitabu gani kizuri cha kujifunzia mapishi ya Malaysia nyumbani? Nisaidieni kabla sijapoteza hela tena

BintiTabata

Wadau habari za jioni, poleni na foleni. Mume wangu alisoma Malaysia miaka mitatu kabla hajanioa, na tangu tumeoana kila nikipakua wali wa nazi lazima aseme "mzuri mama Salma, ila ungeonja nasi lemak". Sasa nimechoka kushindanishwa na wali ambao hata sura yake siijui, nimeamua nijifunze mwenyewe, tena kwa kitabu, maana hivi vivideo vya dakika moja mtu anamwaga vitu sufuriani muziki unapiga hujui kaweka kijiko au kikombe.

Tatizo kuchagua. Mwezi uliopita nilipita Posta pale wanapotandaza vitabu vya mtumba chini nikaokota kimoja cha mapishi ya Asia nzima, elfu kumi na tano, picha zinameremeta balaa. Kufika nyumbani kumbe Malaysia kapewa kurasa sita tu, kabanwa katikati ya Thailand na Ufilipino. Nikajaribu rendang yao, ile nyama ya kupikwa na tui: nusu kilo ya nyama, kopo moja la tui, kijiko cha bizari ya mchuzi, chemsha dakika 40 ipua. Nikapata mchuzi wa nyama wa nazi, ule ule ambao hata nikiamshwa usingizini naupika. Mume akala akanyamaza. Wenye ndoa mnajua kunyamaziwa chakula kunavyouma.

Mara ya pili nikafuata video, nikakuna nazi mbili, nikatia mchaichai, nikaacha kwenye mkaa mdogo kama masaa mawili na nusu. Mara naona tui linakatika, mafuta yanaelea juu, chini kama makapi. Mama mkwe akatoka sebuleni akachungulia akasema "mwanangu tui limekukatikia hilo, hukukoroga". Aibu niliyoiona! Nikakimbia kukuna nazi nyingine nikaongeza tui jipya na maji juu, ikarudi kuwa mchuzi tena.

Kwahiyo naomba mnitajie kitabu. Bajeti laki moja na kitu, Kiingereza nasoma vizuri tu, sisi ni Waislamu kisiwe kimejaa nguruwe.

FundiSufuria

Laki moja KITABU?? Dada weka bando uangalie YouTube, kitabu hakikuonyeshi mkono wa mpishi.

BintiTabata

Mkono nauona kaka, wanachosahau ni kusema kwanini. Tui langu lilipokatika hakuna video iliyoniambia nifanye nini.

MamaNasra_Kigamboni

Mdogo wangu nimesoma nimecheka mpaka chai imenipalia, usinielewe vibaya. Hapo tui "lilipokatika" ndio rendang ilikuwa inaanza!! Wewe ulikuwa umeshafika mlangoni ukageuza.

Nilikaa Kuala Lumpur miaka minne na mzee kikazi, jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Kimalei, asili yake Negeri Sembilan, wale waliotokana na Waminangkabau wa Sumatra, na huko Sumatra ndiko rendang ilikozaliwa. Mara ya kwanza kumuona anapika nilimshika mkono kabisa nikamwambia mama zima moto, tui linakatika. Akacheka vile vile kama nilivyocheka mimi leo.

Iko hivi. Unamkumbuka bibi anavyopika mafuta ya uto? Tui linachemka, maji yanakauka, mwisho mafuta yanajitenga yanakuwa safi na yale makapi yanaanza kuwa ya kahawia yananukia nyumba nzima. Rendang inapita njia hiyo hiyo ila nyama imo ndani. Kwanza nyama inachemka kwenye tui, maji yakiisha inabaki kwenye mafuta yaliyotoka kwenye tui lenyewe, kwahiyo inaanza kukaangika. Ndio maana inakuwa nyeusi nyeusi kavu na inakaa siku nyingi bila kuchacha. Masaa matatu, manne, inategemea nazi na moto. Dakika 40 ni matusi.

Lakini sasa usije ukadhani kila kitu cha nazi wanakikatisha. Wana mapishi yao wanaita masak lemak, samaki au mboga kwenye tui la manjano na pilipili, hapo wanakoroga kwa adabu kama sisi tunavyokoroga mchuzi wa papa, tui likikatika wanasema pecah santan na mpishi anaona aibu kama wewe. Kwahiyo mama mkwe wako hajakosea, kakosea sufuria tu.

Hapo ndipo unapokijua kitabu. Kisikupe dakika peke yake, kikupe ishara: mafuta yajitenge au yasijitenge, rangi ifike wapi, harufu ibadilikeje. Kuna neno lao, pecah minyak, maana yake mafuta yamepasuka, yamejitenga na viungo. Wanalitumia sana wakikaanga rempah, ile rojo ya vitunguu, thomu, tangawizi, pilipili kavu zilizolowekwa. Unakaanga moto mdogo mpaka harufu ya kitunguu kibichi inakufa, rojo inakunjamana, mafuta mekundu yanachuruzika pembeni. Kitabu kikiandika "kaanga dakika 2 kisha mimina tui" kirudishe rafu.

Na kosa jingine tunalofanya wote: blenda. Tunatia maji ili kisu kizunguke, halafu tukimimina kwenye mafuta viungo vinachemka badala ya kukaangika, unasubiri nusu saa hayo maji yaishe. Tia mafuta kidogo badala ya maji. Au kinu, kama una mkono.

Msomaji_wa_Upanga

Mama Nasra amemaliza kwenye upishi, mimi niongezee kwenye vitabu maana ndio ugonjwa wangu, ninavyo vya mapishi kama thelathini na navyopikia ni vinne.

Cha kwanza kuelewa, Malaysia haina jiko moja. Kuna Wamalei, kuna Wachina, kuna Wahindi wengi wao Watamili, kuna Wanyonya ambao ni kizazi cha Wachina wa zamani waliochanganyika na wenyeji wakachanganya na sufuria, halafu kuna Sabah na Sarawak kule Borneo ambao vitabu vingi vinawasahau. Kwahiyo jiulize mumeo alikuwa anakula kwa nani. Anataja nasi lemak, rendang, hilo ni jiko la Kimalei. Angekuwa anataja char kway teow, zile tambi za kukaanga za Wachina, ungetafuta kitabu kingine.

Ninavyovijua mimi:

Cradle of Flavor cha James Oseland, cha 2006. Mwandishi ni Mmarekani na kitabu kinachanganya Indonesia, Malaysia na Singapore, hilo lisikutishe, ndicho kinachofundisha kuliko vyote nilivyoshika. Anaeleza viungo kimoja kimoja na anaeleza hiyo rojo iwe laini kiasi gani. Maneno mengi picha chache, kama unapenda picha utakinunia wiki ya kwanza.

Amazing Malaysian cha Norman Musa, 2016. Huyu ni Mmalei wa Penang aliyefanya kazi Uingereza, mapishi ya nyumbani. Kwa mahitaji yako naona ndicho kinachokaa karibu na meza ya shemeji.

Malaysia cha Ping Coombes, nacho 2016. Yule aliyeshinda MasterChef ya Uingereza 2014, kwao Ipoh, familia yenye asili ya Kichina, kwahiyo ladha zinaegemea huko. Kizuri, ila kwa bajeti ya kitabu kimoja mimi nisingeanza nacho.

Kuhusu nguruwe, kwenye vitabu vya Wachina na Wanyonya tafuta neno babi, ndio mwenyewe. Sio lazima ukitupe kitabu, mengine yanageuzika, mfano ile pongteh, nyama yao ya mchuzi, Wanyonya wenyewe wanaipika na ya kuku.

Kabla ya kulipa, mtandaoni vingi unaruhusiwa kuchungulia kurasa chache. Nenda faharasa ya nyuma utafute kerisik. Ni nazi iliyokunwa ikakaangwa kavu mpaka kahawia halafu ikatwangwa mpaka itoe mafuta, Wamalei wanaitia kwenye rendang mwishoni. Mwandishi anayeiruka kwa rendang ya Kimalei anakuonea huruma usichoke, na wewe hukununua kitabu ili uonewe huruma. (Wale wa Sumatra wao wengi hawaitii kabisa, usije ukamsimanga Mminangkabau wa watu.)

Ukikutana na kitabu cha zamani kwenye mtumba kikakuandikia kati na tahil, hiyo ni mizani yao ya kale kama pishi na kibaba zetu. Kati moja ni kama gramu 600, na ina tahil 16.

Kingine, cha kusoma kwenye simu ni rahisi kuliko cha karatasi, ukiagiza cha karatasi usafiri unaweza kukukaribia bei ya kitabu chenyewe. Mimi ya kupikia nataka karatasi, simu yenye vidole vya manjano ni mateso.

FundiSufuria

Haya nimekaa pembeni nasoma. Ila swali la kizushi, rendang ya kuku ngozi inakuwa kavu ya kukwaruza au laini?

Msomaji_wa_Upanga

Usilianzishe hapa hilo 😂 2018 jaji kwenye shindano la mapishi la TV Uingereza alimlaumu mama wa Kimalaysia eti ngozi ya kuku wake haijakauka vizuri, Malaysia na Indonesia zikachachamaa pamoja, na hao kwenye chakula huwa hawapatani. Kuku anapikwa ndani ya tui, ngozi itakauka saa ngapi?

DadaWaFeri

Naona mmeongea vitabu mkasahau sokoni. BintiTabata usikubali kitabu kikutishe na majina, nusu ya vitu unavyo jikoni na hujui.

Ikan bilis zinazokaangwa za kuwekwa pembeni ya nasi lemak ni dagaa mchele, hizi hizi za Zanzibar na Kilwa. Chagua zilizokauka vizuri zisizo na mchanga, toa vichwa, kaanga kwa mafuta mengi mpaka zilie zikimwagwa kwenye sahani. Karanga kaanga na ganda lake jekundu. Tango na yai unayo. Asam jawa ni ukwaju, serai ni mchaichai ila wao wanatumia shina la chini lile jeupe, ponda, majani ya juu tunayotia kwenye chai sio yenyewe. Lengkuas ni khulinjani, mbichi ni ngumu kuipata, kavu waulize wauza dawa za asili Kariakoo, loweka kwanza maana ni kuni. Buah keras, zile kokwa zao za mafuta, weka korosho mbichi, sisi wa korosho tuna bahati. Pilipili kavu ndefu maduka ya Wahindi Kisutu, na TAFADHALI usibadilishe na pilipili mbuzi, kitabu kikisema pilipili kavu ishirini ukaweka mbuzi ishirini mtaenda kulala hospitali nyumba nzima.

Kinachosumbua ni belacan, ile tope ya kamba waliovundikwa. Mimi nachoma uduvi mkavu kwenye chuma natwanga na chumvi. Sio sawa na belacan, nisikudanganye, harufu haifiki, lakini sambal, ile rojo yao ya pilipili, inaelewa unamaanisha nini. Na jani la pandani la kwenye wali sijapata mbadala, naweka kipande cha tangawizi na mchaichai uliofungwa fundo nasonga mbele.

MamaNasra_Kigamboni

Dada wa Feri umenikumbusha uduvi wa bi mkubwa, Mungu amrehemu.

Halafu wao nao wapishi wazee hawapimi, wanasema agak-agak, yaani kwa kukadiria tu, jicho na mkono. Kwahiyo hata kitabu kizuri kiasi gani, kile kipimo cha chumvi na sukari ni cha nyumba ya mwandishi. Sambal ya nasi lemak ina utamu, mdogo wangu, usishangae ukiona sukari vijiko.

BintiTabata

Jamani mbarikiwe sana, sijui nianzie wapi kushukuru. Nimechungulia vitabu vyote vitatu jana usiku mtoto amelala. Kile kikubwa kimenishinda bei kwa sasa kwenye karatasi, nimechukua cha huyu wa Penang cha kwenye simu, Oseland nimemuachia mwisho wa mwaka. Vidole vya manjano nitavuta kwa kiwiko.

Ila kabla hata sijakifungua leo nimerudia rendang kwa maneno ya mama Nasra. Nyama kilo moja, nazi tatu, tui la kwanza nikaliweka pembeni nikaanza na la pili. Saa sita na nusu mchana nimeinjika. Saa tisa tui limekatika, mama mkwe huyo mlangoni, nikamwambia mama hili sio mchuzi, tunapika uto. Akanitazama. Akavuta kigoda akakaa, akachukua mwiko mkononi mwangu, akasema "kama ni uto punguza makaa, utaunguza". Tumekaa wote mpaka karibu saa kumi na moja, yeye anageuza mimi natwanga nazi ya kukaanga, makapi yamekuwa kahawia yameganda kwenye nyama na mafuta mekundu pembeni.

Mume hajarudi bado yuko kwenye foleni ya Ubungo. Mama mkwe ameshakula vipande vinne "anaonja chumvi". Swali moja la mwisho, hayo mafuta yaliyobaki chini ya sufuria yanamwagwa au?

MamaNasra_Kigamboni

THUBUTU! Kaangia wali wa kesho asubuhi.

DadaWaFeri

Na dagaa mchele juu yake.