Mjadala: Ubingwa wa West Point 1944 uhesabiwe sawa na wa wakati wa amani?

Mleta mada

Wakuu, kwenye futiboli ya Kimarekani, timu ya chuo cha kijeshi cha West Point, yaani Army, ilimaliza msimu wa 1944 bila kufungwa: mechi 9, pointi 504 kwa 35. Kura ya waandishi wa michezo ya shirika la habari la Associated Press iliipa nafasi ya kwanza, na mpaka leo wapo wanaoitaja miongoni mwa timu bora kuliko zote. Napinga. Kombe libaki kwao, lakini rekodi ziwekewe alama ya kuonyesha ni za wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1943 timu ya chuo cha Notre Dame iliichapa Army 26-0. Mwaka uliofuata Army ikashinda 59-0. Hakuna kocha anayegeuza pointi 85 kwa mwaka mmoja. Kilichobadilika ni nani amebaki na wachezaji.

Jibu la 1

Takwimu ziko sawa, mkuu, ila umeruka chanzo. Jeshi la wanamaji lilikuwa na mpango wa V-12 wa kuandaa maofisa vyuoni, ulioanza 1 Julai 1943 katika vyuo 131. Kijana anavaa sare, anasoma, na anaruhusiwa kuchezea timu ya chuo alikopelekwa. Jeshi la nchi kavu nalo lilikuwa na mpango wake vyuoni, ASTP, lakini wanafunzi wake walikatazwa kucheza. Kwa hiyo hatima ya timu iliamuliwa na aina ya sare iliyoingia chuoni.

Matokeo yake? Chuo cha Purdue kilipokea wanamaji waliokuwa wakichezea chuo cha Illinois, ikamaliza 1943 na ushindi 9 kati ya 9. Michigan ikampata mchezaji Elroy Hirsch kutoka Wisconsin. Wakati huohuo Alabama, Auburn na Tennessee hazikuweka timu kabisa.

V-12 nayo ilikuwa na kasoro: amri ya uhamisho ingeweza kuja katikati ya msimu. Angelo Bertelli wa Notre Dame alicheza mechi 6 tu mwaka 1943 kisha akaitwa. Alishinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, akiwa ameshaondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Johnny Lujack, kijana wa miaka 18. Kadeti wa West Point habanduliwi hivyo. Anakaa hadi ahitimu, hata kama masomo yalifupishwa kutoka miaka 4 hadi 3. Kocha wa Army, Earl Blaik, aliweza kupanga msimu mzima akijua Novemba atakuwa na nani. Huo ndio upendeleo wenyewe, nao ni mkubwa kuliko ubora wa mchezaji mmoja mmoja.

Jibu la 2

Hapo sikubaliani na wote wawili. Tangu 1941 kanuni ziliruhusu kubadilisha wachezaji wakati wowote. Zamani aliyetoka hakurudi katika robo ileile. Blaik aliitumia ruhusa hiyo vizuri: alikuwa na vikosi viwili kamili, akivipokezanisha. Mpinzani mwenye kikosi kimoja anachoka robo ya tatu, na hapo ndipo pointi zinapomiminika. Hiyo ni akili ya ukocha.

Kipimo kipo pia. Mwaka 1946 vita vimekwisha, Lujack na kocha wake Frank Leahy wamerudi kutoka jeshi la wanamaji. Army ya nyota Glenn Davis na Doc Blanchard ilikutana na Notre Dame yao kwenye uwanja wa Yankee Stadium, ikaisha 0-0, na Army haikufungwa msimu ule. Davis akachukua Heisman. Wangekuwa wa kubebwa na vita, wangeanguka hapo.

Jibu la 3

Msisahau kura yenyewe. Nafasi ya pili 1944 ilikuwa Ohio State, 9-0, na Les Horvath wao, mwanafunzi wa udaktari wa meno, ndiye aliyepata Heisman. Ya tatu ni Randolph Field, kambi ya jeshi la anga iliyokuwa na Bill Dudley, mchezaji wa kulipwa! Jedwali moja lilichanganya wanafunzi na wa kulipwa, na wala hawakukutana na Army uwanjani.

Mleta mada

Nakubali kuhusu 1946, na alama nitaiweka kwa timu zote za 1943 na 1944, si Army peke yake. Lakini 504 isitumike kama kipimo. Ndani yake kuna 83-0 dhidi ya Villanova na 76-0 dhidi ya chuo cha Coast Guard. Chukua chuo cha Duke na Navy, timu ya chuo cha wanamaji, zilizokuwa na vijana wa wanamaji: 27-7 na 23-7. Wastani ni pointi 25, si 56.

Jibu la 2

25 kwa 7 dhidi ya timu zilizoshiba bado ni ushindi mnono, mkuu. Na 1945 utaiweka kundi gani? Japani ilisalimu amri kabla msimu haujaanza, lakini askari wengi walikuwa bado hawajarudi vyuoni, na Army ikaipiga Notre Dame 48-0 na Navy 32-13.